Barua ya wazi kwa mnaounganisha bustani za mimea: daftari liko kwa nani?

Kwenu Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe wa Bodi, na kwenu Wakurugenzi mliokabidhiwa bustani ya mimea ya umma katika kipindi ambacho inaunganishwa na taasisi nyingine,

Salaam.

Nimeshika daftari la usajili wa mimea kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Mgeni akiingia bustanini huuona mti. Macho yangu mimi hutangulia kwenye kibao kilichofungwa kwenye tawi, kuangalia kama namba bado inasomeka. Nimepitia muungano mmoja, tangu siku za tetesi hadi siku mafundi walipokuja kuling'oa jina la zamani getini. Tangu hapo wenzangu wa bustani nyingine hunipigia simu kila wanapoambiwa kuwa zamu yao imefika.

Nina jambo moja la kuwaambia. Unganisheni ofisi, hesabu, magari, tiketi na hata majina, lakini uzi unaofunga mmea, namba yake na mtu anayeujua usikatike hata siku moja. Ukishakatika, bajeti yote ya muungano haitatosha kuufunga upya.

Sipingi kuunganishwa kwa taasisi. Bustani inayosimama peke yake huyumba kila serikali inapobana matumizi, na zipo zilizopata nguvu kwa kuungana. Afrika Kusini, bustani za taifa zilizoanzia Kirstenbosch mwaka 1913 ziliunganishwa mwaka 1989 na taasisi ya utafiti wa mimea, ikazaliwa Taasisi ya Taifa ya Mimea. Mwaka 2004 sheria mpya ya bioanuwai ikaipanua na kuipa sura iliyonayo leo, inayojulikana kama SANBI. Wanaopanda na wanaotambua majina ya mimea wakawa nyumba moja, jambo ambalo kila aliyewahi kuotesha mbegu isiyo na jina ataliona ni neema. Marekani, mwaka 2014, bustani ya mimea ya Cleveland iliyoanza 1930 iliungana na bustani ya miti ya Holden iliyoanza 1931. Ya kwanza iko mjini, karibu na watu. Ya pili ina ardhi pana na misitu nje ya mji. Kila mmoja alikuwa na kile alichokikosa mwenzake, na muungano wa namna hiyo unaeleweka hata kwa mtu wa kumwagilia.

Kinachonisumbua ni utaratibu. Katika kila muungano niliousikia, daftari la mimea lilifika mezani mwishoni, baada ya nembo, baada ya muundo wa idara, baada ya nani atakaa ofisi ipi. Likifika mwishoni, linakuwa limeshaguswa na watu wasiojua walichogusa.

BGCI, shirika la kimataifa la bustani za mimea lililoanzishwa mwaka 1987, linaieleza bustani ya mimea kuwa ni taasisi yenye makusanyo ya mimea hai yaliyowekewa kumbukumbu, kwa ajili ya utafiti, uhifadhi, maonyesho na elimu. Naomba mlisome mara mbili neno hilo, kumbukumbu. Ukiliondoa, panabaki mahali pa kupumzikia, pengine pazuri mno, penye vivuli na mabenchi, ila hapawezi kumjibu mtafiti wala kurudisha mmea porini. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga, na sijawahi kuona kazi ambayo methali hiyo inaifaa kuliko yangu.

Wengi wenu hamjawahi kulifungua daftari lenyewe, na siwalaumu, hakuna aliyewaonyesha. Kila mmea unaoingia bustanini hupewa namba ya usajili. Kwa kawaida huanza mwaka, kisha nafasi yake katika mwaka huo. Nyuma ya namba kuna nani aliukusanya, wapi, kwenye mwinuko gani, tarehe ipi, kwa kibali gani, mama yake ni mmea upi, na leo uko tuta lipi. Kuna pia herufi moja ndogo. W maana yake umetoka porini moja kwa moja. Z, umezaliwa bustanini lakini ukoo wake wa porini unajulikana. G, ni wa bustanini tu. U, asili yake haijulikani. Herufi hiyo ndiyo inayoamua kama mbegu za mmea zinaweza kupelekwa kufufua msitu, au zitaishia kupamba njia.

Sasa niwaeleze yaliyotupata sisi. Bustani zetu mbili zilitumia mtindo uleule wa mwaka na namba, kama bustani nyingi zinavyofanya. Kwa hiyo kila moja ilikuwa na 1987-0142 yake. Ya kwetu ilikuwa sikadi, mmea unaofanana na mtende lakini unaotoa koni, iliyooteshwa kwa mbegu za porini, yenye kibali, mteremko na mwinuko vimeandikwa kwa mkono wa aliyeikusanya. Ya wenzetu ilikuwa haibiskasi ya ua, iliyonunuliwa kupamba lango. Mtaalamu wa kuhamisha data alipewa wiki tatu. Programu yake, ikikuta namba imejirudia, ilibakiza rekodi iliyoguswa karibuni na kuifuta nyingine. Haibiskasi ilikuwa imepogolewa mwezi uliopita, na upogoaji ukaandikwa. Sikadi ilikuwa haijaguswa kwa miaka, maana sikadi haitaki kuguswaguswa. Ikafutwa. Haikuwa peke yake: kurasa nzima za W ziligeuka U usiku mmoja.

Aliyesaini kwamba data zetu ziko tayari kuhamishwa ni mimi. Niliambiwa tarehe haisogei, nilikuwa nimechoka, nikasaini. Saini ile imeninyima usingizi kwa miaka. Sehemu ya kumbukumbu tuliiokoa kutoka kwenye madaftari ya karatasi yaliyokuwa yamefungwa kwenye masanduku yakisubiri kutupwa, kwa kuwa “kila kitu kipo kwenye kompyuta”. Sehemu nyingine haikupatikana tena. Sikadi zile ziko hai hadi leo, zina afya, moja imetoa koni. Lakini kwa zile ambazo hatukupata karatasi zake, hakuna mtu anayeweza kuapa zimetoka mlima upi, na kwa kazi ya kuzirudisha porini ni kama hazina wazazi.

Ninachoomba hapa ni kitu cha bei ndogo sana. Kabla data hazijahamishwa, kila namba iongezwe kiambishi cha bustani yake ya asili na isibadilishwe tena milele. Nakala kamili ya kila upande igandishwe na kuwekwa mahali ambapo programu mpya haifiki. Karatasi zisitupwe, hata zile zilizoliwa pembe na mchwa. Na mtu wa daftari apewe haki ya kusogeza tarehe. Hilo la mwisho ndilo wakuu hulikataa, na ndilo lingeniokoa mimi.

Wenye hebaria, yaani makusanyo ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, waliling'amua hili zamani. Uholanzi iliunganisha hebaria za Leiden, Utrecht na Wageningen kuwa hebaria moja ya taifa mwaka 1999, na mwaka 2010 ikaingizwa katika taasisi ambayo leo ni Naturalis, mjini Leiden. Karatasi za mimea zikakaa pamoja, lakini alama za L, U na WAG, zinazoonyesha karatasi ni ya hebaria ipi kati ya hizo tatu, hazikufutwa. Mtafiti anayesoma makala ya miaka hamsini iliyopita akiona alama ya Utrecht, bado ataifikia karatasi iliyotajwa. Mimea hai inastahili heshima hiyohiyo, na zaidi, kwa sababu karatasi ikikosewa leo inaweza kusahihishwa kesho, ilhali mche uliotupwa kwa kosa la namba haufufuki.

Iko sababu nyingine ya kutunza viambishi vya asili, na najua haipendezi kuitaja siku ya harusi: miungano huvunjika. Sydney, bustani za mimea na mbuga za Centennial ziliwekwa chini ya uongozi mmoja mwaka 2014, na baadaye zikatenganishwa. Bustani ya Singapore, iliyoanzishwa 1859, iliingizwa mwaka 1973 katika idara iliyoshughulikia mbuga za jiji na miti ya barabarani. Mwaka 1990 ikatolewa na kuwekwa chini ya chombo kipya, na mwaka 1996 idara ile ikaja kuunganishwa na chombo hicho. Mfanyakazi aliyeanza kazi kijana mwaka 1973 aliweza kuyaona mabadiliko yote matatu kabla ya kustaafu. Bustani hiyo ilidumu, na mwaka 2015 ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Mti uliopandwa leo utawazika wajumbe wote wa bodi zenu, pamoja nami, na utapita katika miundo ambayo hakuna kati yetu anayeiota. Uandikieni mkataba mkilijua hilo.

Tena kuna jambo ambalo hebaria inaliweza na mti hauliwezi, nalo ni kuhama. Kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Baada ya vita vya pili vya dunia utafiti ulihamishiwa Muguga, Kenya, na hebaria ikaenda Nairobi, ambako hadi leo inajulikana kwa alama ya EA. Karatasi zikapanda gari. Miti ya majaribio kutoka nchi na misitu mingine ikabaki kwenye miteremko. Mmoja wa miti iliyoletwa Amani, Maesopsis eminii, umeenea ndani ya msitu wa asili, na watu wa uhifadhi wanahangaika nao mpaka sasa. Simlaumu aliyehama. Ila nikisoma mpango wa muungano unaotaja kwa undani ofisi ipi itahamia wapi, bila kutaja nani atabaki na kile kisichohamishika, najua nimekuta ukurasa uliochanika.

Niwaambie sasa kuhusu watu, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo kidonda kilipo.

Akiba ya kwanza ya muungano, karibu kila mahali, hutafutwa kwenye kustaafu kwa hiari. Inaonekana ni ya upole, hakuna anayefukuzwa. Lakini wanaoichukua kwanza ni wakongwe, na bustani huyabeba maarifa yake vichwani na mikononi mwa wakongwe. Kwetu alikuwepo mzee wa okidi. Hakuwa mtu wa ripoti. Alikuwa akinyanyua chungu mkononi na kujua kwa uzito wake kama kinataka maji. Alipochukua kiinua mgongo chake tulimfanyia sherehe, tukampa zawadi, tukapiga picha. Ratiba mpya ya pamoja ikasema banda lote la vioo limwagiliwe jioni, wakati wageni wameondoka. Okidi zetu za milima ya baridi zikalala na majani mabichi usiku baada ya usiku, zikaanza kuoza shinani. Mzee alikuwa akizimwagilia alfajiri ili zikauke kabla ya giza. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulimpigia simu. Alikuja kwa basi, bila malipo, akasimama mbele ya meza ya vyungu vitupu na hakusema neno kwa muda mrefu.

Mkidhani hiyo ni hadithi ya bustani moja yenye uzembe, litazameni yungiyungi dogo kuliko yote duniani, Nymphaea thermarum. Mtaalamu wa mimea Eberhard Fischer alilikuta mwaka 1987 kwenye matope ya chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, kusini magharibi mwa Rwanda, na mimea michache ikapelekwa bustani ya Bonn, Ujerumani. Baadaye maji ya chemchemi yakaacha kufika pale, na yungiyungi likatoweka mahali lilipogunduliwa. Lilikuwa limebaki mikononi mwa watunza bustani. Bustani ya mimea ya Kew, jijini London, walipata mbegu, zikaota, miche ikafa, tena na tena. Mwaka 2009 mtunza bustani Carlos Magdalena akabaini kuwa, tofauti na mayungiyungi mengine, mche huu hautaki kuzama. Unataka uso wa maji, ambako utaipata hewa ya ukaa inayouwezesha kukua. Akaweka vyungu maji yakiwa usawa wa udongo, na mimea ikapona. Sasa fikirieni muungano ungemkuta mtu huyo mwaka mmoja kabla, na mkuu wa rasilimali watu akaamua kuwa nafasi yake inajirudia kwenye muundo mpya.

Maneno hayo, “nafasi inayojirudia”, nayachukia. Wahasibu wawili wanaweza kujirudia. Watu wawili wanaootesha mimea tofauti hawajirudii, hata kama barua zao za ajira zina cheo kimoja.

Kwa hiyo, kabla hamjafungua dirisha la kustaafu kwa hiari, tumeni mtu mwenye kinasa sauti na subira akae na kila mkongwe, meza kwa meza, chungu kwa chungu. Mpeni mkongwe kijana wa kumfuata msimu mzima wa mwaka, maana kuna mambo anayoyakumbuka tu mvua zinapoanza au joto linapopanda. Na mimea isiyo na mbadala ipelekewe vichipukizi au mbegu katika bustani nyingine kabla hamjagusa ratiba yoyote. Sikadi ya Encephalartos woodii ilikutwa na mtaalamu wa mimea John Medley Wood mwaka 1895, kichaka kimoja cha kiume katika msitu wa oNgoye, Afrika Kusini, na hakuna jike lililowahi kupatikana. Zote zilizopo duniani leo ni vipande vya mmea ule mmoja. Ipo bado kwa kuwa vichipukizi vyake viligawanywa kwenye bustani nyingi. Kama vingewekwa mahali pamoja, usiku mmoja wa baridi na mtambo wa joto uliokufa ungetosha.

Upande wa sheria nitapita haraka kidogo, mna wanasheria. Lakini waulizeni mambo ambayo hawatayaona kwenye vitabu vya hesabu. Mimea mingi ilitolewa kwenu na nchi au jamii fulani kwa mkataba, na tangu Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana kwa haki faida zitokanazo na viumbe hai, ianze kutumika tarehe 12 Oktoba 2014 mikataba hiyo imekuwa na uzito zaidi. Kwa kawaida inakataza kumpa mtu wa tatu bila idhini. Je, taasisi mpya, yenye jina na usajili mpya, ni yule yule aliyepewa, au ni mtu wa tatu? Msikisie. Waandikieni waliotoa, mmoja mmoja. Vivyo hivyo usajili wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaoruhusu hebaria kubadilishana vielelezo na nyingine bila vibali vya kila safari. Jina likibadilika nao ufanyiwe marekebisho mapema, kabla kifurushi hakijazuiwa mpakani kikaoza. Na fedha zilizotolewa na marehemu kwa ajili ya banda fulani zisiguswe kulipia madeni ya mwenzenu, hata kwa mkopo wa mwezi mmoja.

Swali kubwa la sheria, hata hivyo, ni mimea ni ya nani. Ubelgiji walilijibu kwa namna ninayoiheshimu. Bustani ya taifa iliyoko Meise iliamuliwa mwaka 2001 kwamba ihamishwe kutoka serikali kuu kwenda jumuiya ya Wafleming, Wabelgiji wanaosema Kiholanzi. Uhamisho wenyewe ulikamilika tarehe 1 Januari 2014. Bustani ikapata msimamizi mpya, wafanyakazi wa lugha zote mbili, Kiholanzi na Kifaransa, wakaendelea kuwa na nafasi, na makusanyo yakabaki mali ya dola nzima, yakakabidhiwa kwa mkopo. Umiliki ukatenganishwa na usimamizi. Msimamizi anaweza kubadilika, mali ikabaki ya watu wote. Miaka kumi na mitatu ya kusubiri ni mingi mno kwa mfanyakazi asiyejua kesho yake, na hilo sitawashauri mliige. Lile la umiliki, ndiyo.

Mwandike pia kitakachotokea siku taasisi kubwa itakapochoka. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilitangaza kwamba hakitaendelea kuwa na hebaria yake yenye vielelezo takriban 825,000, iliyokusanywa kwa zaidi ya karne moja. Chuo kile hakikuwa kimefilisika. Kipaumbele kilihama tu. Mkataba wenu useme makusanyo yataenda wapi, kwa gharama ya nani, na kwa notisi ya muda gani, siku ambayo warithi wenu watahitaji chumba.

Nije kwenye mamlaka. Bustani ikiunganishwa na taasisi inayoishi kwa matamasha, hafla na viingilio, nyasi zilizo chini ya mti mkubwa huanza kuonekana kama ukumbi usio na malipo. Mizizi inayolisha mti haiko chini sana kama watu wanavyodhani. Mingi iko kwenye tabaka la juu la udongo, kina cha mkono tu. Jukwaa, malori na maelfu ya miguu vikishindilia udongo ule, hewa hutoka, maji hayaingii, na mti hufa polepole, miaka mitatu au mitano baadaye, wakati aliyesaini hafla ameshahamishwa kwa kupandishwa cheo. Nimeuona mti wa namna hiyo ukikaushwa kuanzia kileleni, na hakuna aliyewahi kuuhusisha na sherehe. Msimamizi wa makusanyo lazima awe na haki ya kusema hapana, kwa maandishi, na hapana yake itenguliwe na bodi peke yake, si na mkuu wa mapato. Kama muundo wenu mpya unamweka msimamizi huyo ngazi tatu chini ya mkuu wa hafla, mmeshaamua mambo mengi bila kujua.

Kuhusu uongozi wenyewe, manahodha wengi chombo huenda mrama. Msiweke wakurugenzi wawili wa pamoja kwa kuogopa kumuudhi mmoja. Mtajeni anayeongoza siku ileile mnayotangaza muungano, na wafanyakazi walisikie tangazo kutoka kinywani mwake kabla ya kulisoma popote. Na atembee bustanini. Simaanishi ziara yenye mpiga picha. Kila wiki, asubuhi, peke yake, aingie kitaluni aulize nini kimekufa. Mkurugenzi wa muungano wetu alifanya hivyo mwaka wa pili, na ndipo tulipoanza kumwambia ukweli. Angeanza mwaka wa kwanza, naamini mzee wa okidi angekuwa nasi bado. Jina jipya na nembo, chagueni mnachopenda, mimea haisomi.

Tarehe, lakini, isichaguliwe kwa ajili ya mwaka wa fedha peke yake. Siku ya makabidhiano ya kisheria mikataba ya zamani huisha saa sita usiku na mipya huanza. Kwetu siku hiyo iliangukia mwishoni mwa wiki, katika joto kali. Mkataba wa zamu za Jumamosi ulikuwa umekufa na taasisi ya zamani. Mlinzi mpya alikuwa na orodha ya majina isiyo na jina la mwagiliaji hata mmoja, akafanya alichoagizwa, akamzuia getini kijana aliyekuja na funguo zake mfukoni. Banda la vioo likafungwa siku mbili na matundu ya hewa yamefungwa. Jumatatu nilipoingia niliuhisi mvuke usoni kabla sijaona chochote.

Naomba mnijibu kwa jambo hilo moja kwanza, kabla ya mengine yote niliyoandika. Usiku wa kwanza wa muungano wenu, funguo za banda la vioo na daftari la usajili vitakuwa kwa nani? Cheo hakinitoshi, wala idara. Naomba jina la mtu, na namba ya simu atakayoipokea usiku.

Wenu katika kazi,
Mtunza daftari la mimea